SOMO LA UFUNDI: KUCHOMELEA CHUMA KWA FEDHA KIDOGO

Leo tunajifunza kazi ya kuchomelea chuma. Soma polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mahali penye namba, simama kidogo, uziandike katika daftari lako. Mwisho wa somo kuna maswali ya kujadili.

MVUA YA KWANZA NA PLAU LILILOVUNJIKA

Katika kijiji ninachofundisha, mkoani Shinyanga, watu wengi hulima kwa ng'ombe. Msimu mmoja mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Asubuhi kila mtu alifunga ng'ombe wake, akaenda shambani. Mzee mmoja wa darasa letu hakumaliza hata mfuo wa kwanza. Plau lake liligonga kisiki, mkono wake ukakatika pale ulipoungwa.

Alilifunga plau kwenye baiskeli, akalipeleka mjini. Huko akakuta watu wengi wenye shida kama yake. Alirudi siku ya nne. Ardhi ilikuwa imeanza kukauka, na majirani walikuwa wamekwisha kupanda.

Jioni ile alisimama darasani akasema: "Mwalimu, nguzo za umeme zimepita mbele ya nyumba yangu. Sisi tunautumia kwa taa na kuchaji simu basi. Mbona hatuwezi kuchomelea chuma hapa hapa?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Lakini watu tisa walijiandikisha, wanaume sita na akina mama watatu. Mimi nikawa wa kumi, maana hata mimi sikuijua kazi hiyo. Fedha zetu zilikuwa kidogo. Somo hili ni yale tuliyojifunza, pamoja na makosa tuliyofanya.

Kama utasahau mengine yote, shika jambo hili moja: PUNGUZA GHARAMA KATIKA CHUMA NA MASHINE. USIPUNGUZE KATIKA MACHO.

KUCHOMELEA NI KUFANYA NINI?

Watu wengi hufikiri kuchomelea ni kama kubandika kwa gundi. Sivyo. Gundi hukaa katikati ya vitu viwili. Katika kuchomelea, kingo za vyuma viwili huyeyuka, zikachanganyika na chuma cha kijiti, kisha zote hupoa pamoja zikawa chuma kimoja.

Chuma huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi. Moto wa umeme unaowaka kwenye ncha ya kijiti huzidi nyuzi 3,000. Ndiyo sababu kijiti chembamba kinaweza kuyeyusha chuma kinene.

Kijiti cha kuchomelea, ambacho mafundi wengine hukiita rodi, kina sehemu mbili. Ndani ni waya wa chuma. Nje ni unga uliokaushwa ukawa kama plasta. Unga huo una kazi yake. Ukiungua hutoa hewa inayofukuza hewa ya kawaida, maana hewa ya kawaida huharibu chuma kilichoyeyuka. Baadaye unga huo hugeuka gamba linalofunika mshono mpaka upoe. Kwa hiyo kijiti kilichobanduka unga, au kilicholowa, hakifai. Vitunze vijiti vyako mahali pakavu, katika kopo lenye kifuniko.

NUNUA KWA MPANGILIO

Hapa ndipo tulipokosea sisi. Mwenzetu mmoja aliuza mbuzi, akanunua mashine kwanza. Hela ikaisha. Hakubakiza ya kofia ya kuchomelea wala glovu. Akasema, "Haidhuru, nina miwani ya jua." Na mimi mwalimu nilivaa miwani yangu ya jua, nikasimama kando yake nikitazama kwa dakika chache. Hatukuhisi kitu. Tulikwenda nyumbani tukicheka.

Usiku wa manane niliamka nikidhani mtu amenimwagia mchanga machoni. Machozi yalitiririka. Hata taa ya simu ilinichoma. Mwenzangu alikuwa hivyo hivyo nyumbani kwake. Asubuhi tulishikwa mikono kama vipofu mpaka zahanati.

Mganga alitueleza kwamba moto wa kuchomelea hutoa mionzi isiyoonekana. Mionzi hiyo huunguza ngozi ya juu ya jicho kama jua linavyounguza ngozi ya mwili. Maumivu huja baada ya saa 6 hadi 12, kwa hiyo mtu hudhani amesalimika. Kwa kawaida jicho hupona baada ya siku moja au mbili. Lakini mtu anayerudia rudia huyaharibu macho yake. Miwani ya jua haikingi.

Yakikupata hayo, usisugue macho. Usitie maziwa, wala dawa ya miti shamba, wala matone ya kununua ovyo. Kaa gizani, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, kisha nenda zahanati.

Basi mpangilio wa kununua ni huu:

1. Kwanza kofia au ngao ya uso yenye kioo cha kuchomelea. Kioo huandikwa namba. Kwa kazi ya mwanzo tafuta namba 10 au 11. Kama kioo hakina namba, kiache dukani.

2. Pili glovu za ngozi, na nguo nzito ya pamba yenye mikono mirefu. Nguo ya nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi. Vaa viatu vya kufunika mguu. Suruali ishuke juu ya buti, isichomekwe ndani, maana cheche zitaingia.

3. Tatu nyundo ndogo, brashi ya waya, tupa na msumeno wa chuma. Grenda ni nzuri, lakini inaweza kungoja.

4. Nne vijiti, na vyuma chakavu vya kujifunzia.

5. Mwisho mashine.

Utauliza, "Nitajifunzaje bila mashine?" Nenda kwa fundi wa mnadani au wa mjini ukiwa na kofia yako mwenyewe. Jitolee kukata, kusugua kutu na kushika vyuma. Sisi tulikwenda kwa zamu kila Jumamosi. Fundi alipoona tuna vifaa vyetu vya kujikinga, alitupokea vizuri. Mama mmoja wa kikundi alimwuliza:

"Fundi, nikikufagilia na kukusugulia vyuma asubuhi nzima, utanipa nini?"

"Mama, nitakupa vijiti vitano na chuma kibovu. Jioni uchomelee mpaka viishe."

Hiyo ndiyo ilikuwa ada yake ya shule.

SOMA PAKITI, SOMA MASHINE

Wewe umejifunza kusoma. Hapa kisomo chako kinakuwa kifaa cha kazi kama nyundo.

Kwenye pakiti ya vijiti utaona maandishi kama haya: E6013, 2.5 x 350 mm, 60–90 A. Maana yake ni hii. E6013 ni aina ya kijiti. Aina hii huwaka kwa urahisi na inamfaa anayeanza. 2.5 ni unene wa waya wa ndani kwa milimita. 350 ni urefu wake kwa milimita, yaani sentimita 35. 60–90 A ni nguvu ya umeme inayofaa, nayo hupimwa kwa ampea. Vijiti vya milimita 3.2 huhitaji ampea 90 hadi 130 hivi. Wewe anza na vya 2.5, na chuma chenye unene wa milimita 3 hadi 5.

Sasa mashine. Zipo mashine za zamani, nzito, zenye nyaya nyingi zilizozungushwa ndani. Zinadumu, na mafundi wengi wa mitaani huweza kuzitengeneza zikiharibika. Zipo pia mashine za inveta. Ni nyepesi, mtu mmoja hubeba kwa mkono mmoja, na hazili umeme mwingi. Kwa anayeanza kijijini, inveta ndogo yatosha. Lakini itunze na vumbi na maji.

Usinunue kwa kutazama namba kubwa iliyopakwa rangi ubavuni. Soma kibati kidogo cha nyuma. Utaona ampea, na kando yake asilimia. Kama kimeandikwa 60%, maana yake ni kwamba katika kila dakika 10 mashine iwake dakika 6 na ipumzike dakika 4. Ukiilazimisha, itaungua.

Umeme wa sola wa kuwashia taa hauwezi kazi hii. Pia usichomeke mashine kwenye waya mwembamba wa kuvutia taa. Waya huo utapata moto ukutani. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuwekee soketi na waya wa kufaa.

HATUA ZA KUFANYA KAZI

Hatua ya kwanza: Safisha. Ondoa kutu, rangi na mafuta kwa brashi na tupa. Uchafu huleta matundu katika mshono.

Hatua ya pili: Funga kibanio cha waya wa athi kwenye chuma unachochomelea, mahali palipo safi. Kisha weka mashine kwenye ampea 75 hivi kwa kijiti cha 2.5.

Hatua ya tatu: Waonye walio karibu. Sema kwa sauti, "Macho!" Kisha shusha kofia.

Hatua ya nne: Washa. Kwaruza ncha ya kijiti kwenye chuma kama unavyowasha kiberiti. Moto ukishika, inua kidogo. Nafasi kati ya ncha na chuma isizidi unene wa kijiti. Kijiti kikinata, kipindue kwa haraka kitoke. Kikikataa, kiachie kutoka kwenye kishikio au zima mashine. Usiogope. Kila mtu vilimnata.

Hatua ya tano: Vuta. Laza kijiti kidogo kuelekea kule unakokwenda, kisha kivute polepole. Usitazame mwanga. Tazama kidimbwi kidogo cha chuma kilichoyeyuka nyuma ya ncha. Kidimbwi kikiwa na upana wa mara mbili au tatu ya unene wa kijiti, unakwenda vizuri. Kumbuka kijiti kinafupika, kwa hiyo mkono lazima ushuke pole pole. Sikiliza pia. Sauti nzuri ni kama mafuta yanayokaanga maandazi.

Hatua ya sita: Acha mshono upoe. Gonga gamba kwa nyundo huku umevaa miwani ya kukinga vipande. Gamba la moto hurukia machoni. Kisha piga brashi.

Usianze kwa kuunga vyuma viwili. Chukua kipande kimoja, chora mistari kwa chaki, kila mmoja sentimita 10, ufuate mistari hiyo kwa moto. Katika kikundi chetu kila mtu alimaliza vijiti 30 kwa mistari tu. Wengine walinung'unika. Lakini mtoto huanza na herufi a, e, i, o, u kabla ya kuandika barua.

Utakapoanza kuunga, shikiza kwanza. Mshonaji hushikiza nguo kwa pini kabla ya kupiga cherehani. Na wewe tia nukta ndogo za moto kwenye ncha zote, upime kama kazi imenyooka, ndipo uchomelee moja kwa moja. Chuma kikipoa husinyaa na kuvuta. Usiposhikiza, mlango wako utapinda.

MSHONO UNASEMA, USOME

- Mshono umekaa juu ya chuma kama mnyoo juu ya ubao. Moto ni mdogo. Ongeza ampea.
- Chuma kinatoboka na cheche ni nyingi mno. Moto ni mkubwa. Punguza.
- Mshono ni mwembamba kama uzi. Umekwenda mbio.
- Mshono umerundikana. Umekwenda polepole mno.
- Kuna matundu. Chuma kilikuwa kichafu, kijiti kilikuwa na unyevu, au ulikiinua juu mno.

Kisha jaribu nguvu yake. Unga vipande viwili vya chuma chakavu upande mmoja tu. Bana kimoja, ukipige kingine kwa nyundo mpaka kipinde. Kikivunjika kwenye mshono, tazama ndani. Ukiona kingo za zamani hazikuyeyuka, au gamba jeusi limelala ndani, hujawa tayari kupokea kazi ya mtu. Ni afadhali kivunjike mbele yako kuliko mbele ya mwenye mali.

MAMBO MANNE YANAYOUA

La kwanza ni pipa. Usichomelee pipa au tangi lililowahi kuwekwa petroli, dizeli au dawa, hata likionekana tupu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.

La pili ni maji. Usichomelee kwenye mvua au umesimama kwenye tope. Kanyaga ubao mkavu. Glovu zikilowa kwa jasho, badilisha.

La tatu ni moto. Cheche huruka mbali. Kazi ifanyike mbali na nyumba ya nyasi, mabua na pamba. Weka ndoo ya mchanga karibu. Ukimaliza, kaa nusu saa ukitazama. Cheche hulala ndani ya majani kabla ya kuwaka.

La nne ni moshi. Fanyia kazi nje, upepo ukitoka ubavuni, na kichwa chako kisiwe juu ya moshi. Mabomba na mabati yaliyopakwa zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku. Sugua zinki yote itoke pale unapounga.

Tena kuna watoto. Watoto hupenda kuja kutazama mwanga. Zungushia mabati ya zamani mahali pa kazi, uwafukuze. Macho yao ni kama yako.

HESABU: FUNDI ALIPATA NINI?

Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka bei za dukani kwenu. Fundi alitengeneza benchi moja, kazi ya siku nzima.

Vyuma: shilingi 18,000.
Vijiti: kilo moja ni shilingi 6,000, nayo ina vijiti 50 hivi. Kijiti kimoja ni shilingi 120. Alitumia 10, yaani shilingi 1,200.
Umeme: kwa kijiti cha 2.5, inveta hula uniti 2 na nusu hivi moto ukiwaka saa nzima. Lakini moto wake uliwaka dakika 12 tu kwa jumla, maana muda mwingine alikata na kupima. Hiyo ni nusu uniti. Tuseme shilingi 200.
Kisahani cha kukatia: shilingi 2,500.
Rangi: shilingi 3,000.

Jumla: shilingi 24,900.

Aliliuza benchi kwa shilingi 25,000, akafurahi kuwa amepata hela. Toa mwenyewe: 25,000 – 24,900 = 100. Shilingi 100 ndiyo ujira wake wa siku nzima! Na hakuweka hata senti ya kununulia mashine nyingine hii ikichakaa.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja bei, andika gharama zote. Kisha ongeza ujira wako na akiba ya mashine. Mwenye daftari hapunjwi kwa urahisi.

PLAU LA MZEE

Msimu uliofuata plau la yule mzee lililegea tena mkono. Safari hii alilileta kwenye mwembe wetu. Mama yule wa vijiti vitano ndiye aliyelichomelea. Alisafisha, akashikiza, akachomelea pande zote mbili. Mzee aliondoka kabla ya saa nne asubuhi.

Lakini alikuwa pia na jembe la plau lenye ufa. Mama akasema, "Baba, hili siliwezi. Lipeleke mjini."

Hapo nilijua kuwa amekuwa fundi. Chuma kigumu, kama jembe la plau, shoka na springi za gari, na chuma cha kumiminwa kama cha injini, hakitaki kijiti cha kawaida. Huonekana kimeshika, kisha hupasuka kando ya mshono. Vile vile anayeanza asiguse uma wa baiskeli, fremu ya pikipiki wala kiungo cha tela. Hivyo vikikatika njiani, mtu hufa. Anza na viti, mabenchi, milango ya banda la kuku, na mikono ya majembe ya ng'ombe.

Ukiisha kupata ujuzi, nenda chuo cha VETA kilicho karibu uulize habari ya kupimwa. Fundi aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti. SIDO nao, walioanzishwa mwaka 1973, huwashauri wenye viwanda vidogo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini maumivu ya macho huja usiku na siyo wakati wa kazi?
2. Pakiti imeandikwa 3.2 x 350 mm, 90–130 A. Eleza kila namba.
3. Mashine imeandikwa 40%. Iwake dakika ngapi katika dakika 10, na ipumzike ngapi?
4. Benchi la fundi wetu liuzwe kwa bei gani ili apate ujira wa shilingi 8,000 na akiba ya shilingi 2,000?
5. Ni vitu gani vya chuma huvunjika mara nyingi kijijini kwenu? Vipi mnaweza kuvichomelea wenyewe, na vipi mpeleke kwa fundi mkubwa?

Andikeni majibu katika daftari la kikundi. Kama mna fedha kidogo za kuanzia, wiki hii nunueni kofia moja yenye kioo namba 10 au 11. Mashine itafuata.